Dhamana ya Gari la Wagonjwa: Habari ya Mji wa Pittsburgh

Mpaka mwaka 1968, mtu aliyeanguka ghafla katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, na jamaa zake wakapiga simu kuomba msaada, hakujiwa na tabibu wala na mtu yeyote mwenye ilimu ya uganga. Alijiwa na askari polisi wawili katika gari lile lile lililotumika usiku wa jana kuwachukua walevi na wezi kuwapeleka korokoroni, na askari hao, bila ya kumpima wala kumfunga jeraha, walimwinua, wakamlaza juu ya machela ya turubai, wakafunga mlango wa nyuma, wakaketi wote wawili mbele, na kushika njia mbio kuelekea hospitali iliyokuwa karibu. Mgonjwa alisafiri peke yake. Ulimi ukimziba koo, hapana aliyekuwapo wa kuuondoa. Damu ikimtoka, ilimtoka mpaka mwisho wa safari. Na moyo ukisimama njiani, wa kwanza kutambua alikuwa mpokezi wa mlangoni mwa hospitali. Askari hao hawakuwa na roho mbaya kuliko askari wa miji mingine. Kazi hiyo hawakuiomba, hawakufundishwa, wala hapana aliyewahesabia kosa mgonjwa akifia mikononi mwao, maadamu walikwenda mbio.

Nani awe na dhamana ya gari la wagonjwa ni swali ambalo watu wengi huwaachia makarani wa serikali za miji, wakidhani kwamba ni shauri la bajeti na rangi ya magari. Habari za Pittsburgh kati ya mwaka 1967 na 1975 zaonyesha uzito wake, kwa kuwa katika miaka hiyo michache mji mmoja ulishuhudia kazi hiyo hiyo ikifanywa na polisi, kisha ikifanywa na chama cha raia maskini waliofundishwa vyema kuliko wote, kisha ikitwaliwa na serikali ya mji yenyewe. Na kwa kila badiliko ilionekana wazi nani aliyepona, nani aliyekufa, na nani aliyenyimwa haki yake.

Asili ya gari la wagonjwa ni vitani. Mwaka 1792 tabibu Mfaransa aitwaye Dominique-Jean Larrey, alipoona majeruhi wakiachwa uwanjani kutwa nzima wakisubiri vita vitulie, alitengeneza magari mepesi ya kukokotwa na farasi ili wachukuliwe mapema na kutibiwa wangali na uhai. Marekani nayo ilijifunza jambo hilo katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, na vita vilipokwisha, hospitali ya Cincinnati ikawa na gari lake mwaka 1865, na mwaka 1869 hospitali ya Bellevue mjini New York ikaanzisha huduma yake chini ya Dk. Edward Dalton, ambaye alikuwa tabibu wa jeshi. Katika gari la Bellevue daktari kijana alipanda pamoja na mwendeshaji, akabeba bendeji, vipande vya mbao vya kufungia mifupa iliyovunjika, na dawa za kutuliza maumivu. Na mwaka 1870 pekee magari hayo yaliitwa zaidi ya mara 1,400. Hapo mwanzo, basi, gari lilikuwa mkono wa hospitali ulionyoshwa mpaka barabarani, na aliyelipanda alikuwa ni mtu wa hospitali.

Ajabu ni kwamba karne ya ishirini, ambayo ilileta dawa na mitambo ambayo Dalton asingaliweza kuiota, iliurudisha nyuma mkono huo. Vita Kuu ya Pili iliwachukua madaktari vijana kwa maelfu, hospitali nyingi zikaona mzigo wa magari ni mkubwa, zikautua kwa yeyote aliyekubali kuubeba: hapa polisi, pale zimamoto, kwingineko watu wa kujitolea, na katika sehemu kubwa ya nchi wenye makampuni ya maziko. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa taarifa iliyowashtua wakubwa wa nchi. Ilieleza kwamba katika mwaka 1965 ajali ziliwaua watu 107,000, na kwamba karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini zilikuwa mikononi mwa wazishi wapatao 12,000, kwa sababu kubwa kwamba magari yao yaliweza kuchukua mtu aliyelala. Nchi iliyokuwa ikijiandaa kumpeleka mwanadamu mwezini ilimkabidhi raia wake mahututi kwa mtu aliyepata faida akifa kuliko akipona. Sisemi kwamba wazishi waliwaua wagonjwa. Wengi wao walikuwa watu wema waliofanya kazi hiyo kwa hasara ili majirani wawakumbuke siku ya maziko. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umepinda tangu msingi wake.

Katika Pittsburgh, penye taabu kubwa kuliko pote palikuwa Hill District, mtaa wa watu weusi ulio juu ya kilima karibu na katikati ya mji, ambao zamani ulisifika kwa maduka yake, muziki wake wa jazi na makanisa yake, na ndipo alipozaliwa mwandishi wa tamthilia August Wilson mwaka 1945. Katika miaka ya 1950 serikali ya mji, ikiongozwa na Meya David Lawrence, iliazimia kuujenga mji upya. Ikaibomoa sehemu ya chini ya mtaa huo, ikawaondosha watu zaidi ya 8,000 na biashara mia kadhaa, na mahali pao pakajengwa uwanja mkubwa wa michezo na maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1961. Waliobaki kilimani walibaki na nyumba mbovu, ukosefu wa kazi, na uadui wa siku nyingi baina yao na polisi. Nao polisi ndio hao hao waliotakiwa kuja wakati mama ana uchungu wa kuzaa au mzee ameshikwa na moyo. Mara nyingi walichelewa, mara nyingine hawakuja, na walipokuja wapo wagonjwa waliochagua kukaa na maradhi yao kuliko kuingia katika gari lile. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuogopa kupanda, akiwa mgonjwa, gari ambalo kakaye alipandishwa kwa pingu.

Ilikuwa ni takdiri, na si hadithi iliyotungwa, kwamba aliyewafumbua macho wakubwa wa mji alikuwa Lawrence mwenyewe. Baada ya umeya alikuwa gavana wa Pennsylvania mpaka mwaka 1963, na tarehe 4 Novemba, 1966, akihutubia mkutano wa uchaguzi katika ukumbi wa Syria Mosque, alianguka mbele ya umati. Muuguzi aliyekuwapo alimpulizia pumzi na kumkanda kifua. Kisha gari la polisi likaja, naye akachukuliwa kama alivyochukuliwa mtu yeyote wa mji ule, pasina vifaa wala mikono iliyofundishwa. Alipofikishwa hospitali moyo uliweza kurudishwa, bali ubongo ulikuwa umekwisha kufa kwa kukosa hewa. Alifariki tarehe 21 Novemba bila ya kurudiwa na fahamu. Mtu mwenye nguvu kuliko wote katika siasa za jimbo lile hakuweza kununua, kwa cheo chake chote, dakika chache za uangalizi njiani, kwa kuwa katika mji aliouongoza miaka kumi na mitatu kitu hicho hakikuwapo.

Miongoni mwa waganga waliompokea Lawrence alikuwapo Peter Safar. Huyu alizaliwa Vienna mwaka 1924, akahamia Marekani baada ya vita, akawa bingwa wa elimu ya nusukaputi, na katika miaka ya 1950 huko Baltimore, pamoja na Dk. James Elam, alithibitisha kwamba pumzi ya mtu mzima, ikipulizwa kinywa kwa kinywa, yatosha kumweka hai mtu aliyeacha kupumua. Uthibitisho huo aliupata kwa kuwalaza watu waliojitolea, wakapewa dawa ya kulegeza viungo mpaka wasiweze kupumua wenyewe, kisha akawaita watu wasio waganga kuwapulizia pumzi. Ni yeye aliyeunganisha pumzi hiyo na ukandaji wa kifua kuwa mafunzo mamoja, na ni kwa shauri lake mtengeneza midoli wa Norway, Asmund Laerdal, alitengeneza mwanasesere wa kufundishia ambaye hata leo hutumika duniani kote. Mwaka 1961 alikuja Pittsburgh. Mwaka 1966, miezi michache kabla ya kuanguka kwa Lawrence, bintiye mdogo Elizabeth alishikwa na pumu wakati wazazi walipokuwa safarini. Alifikishwa hospitali ubongo wake umekwisha kukosa hewa, na baba aliyewafundisha walimwengu jinsi ya kurudisha pumzi hakuweza kumrudishia mwanawe. Yeye alisema baadaye kwamba huzuni hiyo aliigeuza kuwa kazi. Aliamini kwamba matibabu yapasa kuanza pale mtu anapoanguka, na gari liwe chumba cha wagonjwa mahututi chenye magurudumu, na ndani yake awemo mtu anayejua kutibu.

Pembeni yake alikuwapo Phil Hallen, mkuu wa mfuko wa hisani ulioitwa Maurice Falk Medical Fund, ambaye katika ujana wake aliwahi kuendesha gari la wagonjwa, kwa hiyo alijua alichokosa mtaa wa kilimani. Hallen alikuwa na fedha na azma, lakini hakuwa na watu. Watu walipatikana katika Freedom House Enterprises, chama cha watu weusi kilichoongozwa na James McCoy, mtu aliyetoka katika harakati za haki za raia na vyama vya wafanyakazi. Chama hicho kilikuwa kikitafuta kazi kwa wasio na kazi, na gari lake moja lilikuwa likipeleka mboga kwa watu wa mtaa waliokuwa mbali na masoko. Wazo la kwanza la Hallen lilikuwa dogo: magari ya kuwapeleka wagonjwa hospitali. Safar ndiye aliyelikuza. Alisema atawafundisha watu hao, ila kwa sharti kwamba awafundishe kila kitu.

Hapa yapasa kusimama kidogo, kwani ndiyo sehemu ya habari hii inayonigusa kuliko zote. Wale waliojiandikisha katika kundi la kwanza, zaidi ya ishirini, walikuwa vijana ambao mji uliwahesabu kuwa hawaajiriki. Takriban nusu yao hawakumaliza shule ya sekondari, wamo waliorudi kutoka vita vya Vietnam, wamo waliowahi kufungwa. Mafunzo yao yalichukua majuma 32 na saa 300, ilhali dereva wa gari la wagonjwa sehemu nyingi za nchi hakutakiwa kujua zaidi ya huduma ya kwanza. Walijifunza maumbile ya mwili na kazi za viungo, wakafundishwa uuguzi, wakaingia chumba cha upasuaji na chumba cha maiti, wakajifunza kuangalia koromeo na kuacha njia ya hewa wazi, kuongeza maji mwilini kwa mshipa, kufuata mapigo ya moyo, na kuendesha gari katika msongamano bila ya kumtikisa aliyevunjika uti wa mgongo. Aliyekuwa hana cheti cha sekondari alisaidiwa kukipata. Safar hakuwapunguzia kipimo kwa sababu ya umaskini wao, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa aliyowapa, kubwa kuliko mshahara.

Mwezi wa Aprili mwaka 1968 Martin Luther King aliuawa huko Memphis, Hill District ikawaka moto kwa siku kadhaa, na katika majivu ya fujo hizo huduma ya Freedom House ikaanza kazi mwaka ule ule, kwa mkataba na serikali ya mji na kwa fedha za misaada na za serikali kuu. Magari yalikuwa mawili, yakihudumia Hill District na sehemu za jirani, na vituo vyake vilikuwa katika hospitali za Presbyterian na Mercy. Katika mwaka wa kwanza waliitwa mara zipatazo 5,800, wakachukua wagonjwa zaidi ya 4,600, na kwa hesabu ya Safar waliokoa watu 200 ambao kwa utaratibu wa zamani wangalikufa. Waliitikia miito ya moyo, ya risasi, ya uzazi, na ya dawa za kulevya, na vijana ambao juzi walikatazwa kuingia hata katika ofisi za watu walikuwa sasa wakieleza hali ya mgonjwa kwa madaktari wa zamu, nao madaktari wakiandika wanavyoambiwa. Haikuwa rahisi siku zote. Wapo madaktari na wauguzi waliowadhania kuwa ni wafagizi wa hospitali; wapo wagonjwa weupe waliokataa kuguswa nao, wakisongwa na roho; na simu za dharura zilipita kwanza kwa polisi, ambao hawakuwa wepesi wa kuzipitisha, hata watu wa Freedom House wakalazimika kusikiliza redio ya polisi na kukimbilia mwito kabla hawajaitwa.

Mwaka 1972 ulifanywa uchunguzi wa safari za wagonjwa za miezi miwili. Kwa wagonjwa mahututi, watu wa Freedom House walionekana kutoa matibabu yanayostahili kwa asilimia 89 ya safari. Polisi kwa asilimia 38. Na magari ya kujitolea kwa asilimia 13. Hesabu hizo zingalitosha kumaliza ubishi katika mji wowote unaopima kazi kwa matokeo yake. Katika Pittsburgh ziliuanzisha, kwa kuwa watu wa mitaa mingine, mitaa ya matajiri ikiwemo, walianza kuuliza ni kwa nini mtaa maskini wa kilimani una tabibu ndani ya gari ilhali wao wangali wanachukuliwa na askari. Freedom House walikuwa na jawabu: waliomba waruhusiwe kuhudumia mji wote. Hawakuruhusiwa.

Tangu Januari 1970 meya alikuwa Pete Flaherty, mtu aliyeingia madarakani akijitangaza kwamba hana deni kwa wakubwa wa chama wala kwa vyama vya wafanyakazi, na aliyechukia mikataba baina ya mji na vyama visivyo vya serikali. Insafu yataka hoja yake isikilizwe. Alisema kwamba kazi ya uhai na mauti ya raia isiachiwe chama cha nje ambacho kesho misaada yake yaweza kukauka. Kwamba anayelipa ndiye apaswaye kuamuru. Na kwamba mji mmoja hauwezi kuwa na huduma ya namna mbili. Hoja hiyo, ikichukuliwa peke yake, mimi naiona ni sahihi. Mfuko wa hisani hutoa leo na kuhamia kwingine kesho. Hazina ya mji haina pa kuhamia. Gari linalongoja barua ya mfadhili ili linunuliwe magurudumu si gari la kumtegemea mgonjwa.

Lakini anayetaka kuiweka kazi katika mikono ya umma hudhihirisha nia yake kwa namna anavyowatendea wale wanaoifanya kabla hajaitwaa, na hapo meya hana utetezi. Malipo ya mkataba yalipunguzwa, na yaliyobaki yakacheleweshwa. Watu wa Freedom House wakakatazwa kupiga ving'ora katikati ya mji, ati kelele zawaudhi watu, jambo ambalo kwa gari linalokimbizana na kifo ni sawasawa na kufungwa miguu. Mipaka ya kazi yao haikupanuliwa, kisha wakalaumiwa kwamba hawahudumii mji mzima. Watu weusi wa Pittsburgh hawakusita kusema kwamba sababu ya yote hayo ni rangi, nami nikiyatazama matendo yenyewe sioni sababu nyingine inayoyaeleza vyema zaidi, kwani huduma hiyo hiyo ingalifanywa na watu weupe kwa matokeo yale yale ingaliandikwa katika matangazo ya mji kuwa ni fahari yake.

Mwaka 1974, katika siku za dhiki hiyo, Safar alimweka kuwa tabibu mkuu wa Freedom House daktari kijana aitwaye Nancy Caroline, mzaliwa wa Massachusetts, mwenye miaka thelathini. Alikuja kufundisha, naye akakaa nao. Alipanda magari usiku, akalala vituoni, akasikiliza redio kutoka nyumbani, akaisoma kila karatasi ya kila safari na kumwita mhusika amweleze alifanya nini na kwa nini. Chini yake walianza kutia mrija wa pumzi kooni mwa mgonjwa pale pale alipoangukia, wakatoa dawa za moyo njiani, wakawa miongoni mwa wa kwanza Marekani kufanya hivyo nje ya hospitali. Serikali kuu ilipotaka mafunzo ya taifa kwa wahudumu wa dharura, kazi ya kuyaandika ilipewa Pittsburgh, na waliotumiwa kuyajaribu walikuwa watu wa Freedom House. Kwa hiyo yule kijana wa kilimani ambaye mji wake ulisitasita kumlipa mshahara alikuwa akiamua, kwa mikono yake, kile ambacho kila mhudumu wa Marekani angefundishwa baada yake.

Tarehe 15 Oktoba, 1975, Freedom House ilifungwa, na serikali ya mji ikaanza huduma yake yenyewe. Kwa shinikizo la Caroline, mji ulikubali kuwachukua wafanyakazi wa Freedom House, naye akakubali kuwa tabibu mkuu wa huduma mpya ili awalinde. Ahadi ilitimizwa kwa maneno, ikavunjwa kwa vitendo. Watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi walitawanywa. Wakatiwa katika mitihani mipya, baadhi yao ya mambo ambayo hawakupewa nafasi ya kuyasomea. Waliowahi kufungwa, hata kama walikuwa wameokoa watu kwa miaka, wakaondolewa. Wengine walipewa kazi zisizo za tiba. Na juu ya wenye ujuzi wakawekwa watu weupe wapya ambao walipaswa kuwa wanafunzi wao. Katika muda mfupi wengi walikuwa wametoka, na Caroline mwenyewe akaondoka. Mwishoni mwa karne, wahudumu wa dharura wa Pittsburgh walikuwa karibu wote ni weupe, na katika mji ule vijana walikua bila ya kujua kwamba kazi hiyo iliasisiwa na watu weusi wa Hill District.

Ni nani, basi, aliyestahili dhamana? Wapo wasemao kwamba zimamoto ndiyo iwe mwenyewe, na hawakosi mfano mzuri. Mjini Seattle, mwaka 1970, Dk. Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery walianzisha huduma ya Medic One kwa kuwafundisha wazimamoto kutibu moyo, nayo ikawa mashuhuri duniani, hata raia wa kawaida wakafundishwa kwa maelfu kukanda kifua kabla gari halijafika. New York ilifuata njia hiyo kwa namna nyingine tarehe 17 Machi, 1996, Meya Giuliani alipoiondoa huduma ya magari kutoka shirika la hospitali za mji na kuitia ndani ya zimamoto. Na huko tangu siku hiyo wahudumu wa dharura wamelalamika kwamba wao ndio wenye miito mingi kuliko moto, ilhali mishahara yao na vyeo vyao viko chini ya wale washika mpira wa maji. Sare ni ile ile, jengo ni lile lile, bali Seattle tabibu aliingia ndani ya zimamoto akaibadilisha, na New York wahudumu waliingia wakawa wapangaji.

Kwa sababu hiyo mimi nashikilia kwamba fedha na amri viwe vya mji, lakini idara iwe peke yake, isiwe mtoto wa kambo wa polisi wala wa zimamoto, na juu yake awepo tabibu anayesoma kila safari kama alivyosoma Caroline, mwenye uwezo wa kumwambia meya kwamba mtu fulani alikufa kwa kuchelewa. Na ikiwa kazi tayari inafanywa na watu wanaoijua, mji uwachukue wao kwanza, na sheria zake za ajira zipindwe kuwafuata. Maana ujuzi wa kazi hii hauandikwi katika mkataba, hukaa katika watu waliopanda ngazi za majengo ya ghorofa usiku na kushuka na mgonjwa mikononi, nao wakiondoka huondoka nao. Pittsburgh ilipata nusu ya kwanza ya jambo hilo: idara yake ya huduma za dharura mpaka leo imesimama peke yake kando ya polisi na zimamoto, na mpango huo ni mzuri. Nusu ya pili iliitupa, na malipo yake yaliwaangukia wagonjwa, ambao kwa muda mrefu walihudumiwa na wageni wa kazi wakati mabingwa walikuwa wakitafuta ajira.

Ujuzi wenyewe haukupotea, kwa kuwa watu waliuchukua walikokwenda. Mitchell Brown, aliyekuwa mmoja wao, alikuja kuongoza huduma za dharura za Cleveland, kisha akawa mkuu wa usalama wa umma katika mji wa Columbus, Ohio. Caroline alikwenda Israeli mwaka 1977 akawa tabibu mkuu wa Magen David Adom, shirika la huduma za dharura la nchi hiyo, na mwaka 1979 kitabu chake cha mafunzo, kilichotokana na miaka ya Freedom House, kikatoka na kuwa kitabu cha wahudumu wa dharura wa nchi nyingi. Mpaka sasa hupigwa chapa kikiwa na jina lake. Katika miaka ya 1980 alihamia Nairobi, akafanya kazi na AMREF, shirika ambalo Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walikuwa wameliasisi mwaka 1957 ili madaktari waruke kwa ndege kuwafikia wagonjwa walio mbali na hospitali. Kwa njia hiyo tabibu aliyejifunza kazi yake barabarani kwa vijana weusi wa Pittsburgh aliileta Kenya, mahali ambapo umbali baina ya mgonjwa na tabibu hupimwa kwa siku za mwendo. Alifariki mwaka 2002.

Na katika Pittsburgh yenyewe alibaki John Moon. Alikuwa mfanyakazi wa hospitali alipowaona watu wa Freedom House wakiingia na mgonjwa na kutoa amri, akaazimia kuwa mmoja wao. Aliwahi kutia mrija wa pumzi kooni mwa mgonjwa nje ya hospitali wakati ambapo madaktari wengi hawakuamini kwamba jambo hilo lawezekana. Na mji ulipoitwaa huduma yeye hakuondoka, bali alistahimili mitihani na kudharauliwa mpaka akawa mkuu msaidizi wa idara, cheo alichostaafu nacho mwaka 2009. Alipopata sauti katika kuajiri, alikwenda kuwatafuta vijana weusi, akawaingiza kazini. Mmoja wa aliowaajiri ni Amera Gilchrist, ambaye baadaye akawa mkuu wa idara hiyo nzima, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kuishika dhamana hiyo katika mji wa Freedom House.